Siku Chokaa Ilipochemka Somanga

Nilipopelekwa Somanga kuwa mkunga wa dispensari nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeshaolewa na kuachika, na cheti changu cha ukunga nilichopewa hospitali ya Lindi nilikilaza chini ya godoro ili kisikunjike. Kwetu ni Kilwa Kivinje. Wanawake wa mtaani walimwambia mama kwamba ananiachia niende porini, peke yangu, kwa watu nisiowajua. Mama aliwajibu kwamba binti yake ameajiriwa na serikali, na mwenye la kusema akamwambie Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya. Hakuna aliyekwenda kwa Bwana Shauri. Nikapanda lori na sanduku langu.

Dispensari yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na baraza, paa la bati, kando ya barabara ya Dar es Salaam. Tulikuwa wafanyakazi wawili tu. Mwenzangu alikuwa mganga, au dresa kama tulivyowaita siku zile, Mmwera mwenye mvi za masharubuni, mtaratibu, anayeandika kila kitu kwa mwandiko mzuri kupita wa mwalimu. Vidonda, homa na sindano vilikuwa vyake. Kina mama na watoto wachanga walikuwa wangu. Kabati la dawa kali lilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwake kwa kamba, mchana na usiku.

Lakini kazi ya majeraha ya moto niliijua. Lindi, kabla hawajatupa vyeti, sista Mwingereza aliyetufundisha alituzungusha wodi zote, na mimi nilikaa miezi minne katika wodi ya walioungua. Niliwaona waliolipukiwa na jiko la mafuta ya taa, waliorukiwa na mafuta ya korosho wakati wa kuzikaanga, na wenye kifafa walioangukia mafiga. Humo alikuwamo dresa mmoja mzee ambaye ndiye hasa aliyenifundisha. Siku moja aliletwa mwashi aliyeingiwa na chokaa jichoni. Yule mzee hakutafuta dawa. Alimlaza chali, akanipa birika, akaniambia nimimine maji ndani ya jicho mpaka atakaponiambia niache. Nilimimina mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipotaka kupumzika akasema, "Bado. Chokaa haina haraka, na wewe usiwe na haraka." Yule mwashi aliondoka anaona kwa macho yote mawili.

Masika ya mwaka wangu wa pili Somanga, watu walikuwa wanatengeneza msikiti wao. Ukuta wa kibla ulikuwa umepasuka, na chokaa ilihitajika. Akaitwa fundi kutoka Kinjumbi, mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mcheshi, anayesifika kwa kuchoma chokaa nyeupe isiyo na kokoto. Alikuja na wenzake wanne, na mama yake mzazi akaja kuwapikia, maana mkewe alikuwa amebaki Kinjumbi na watoto wadogo. Tanuri walilijenga ufukweni, mwendo wa kama nusu saa kutoka dispensari: magogo yamepangwa kwa duara, na juu yake mawe ya matumbawe yamerundikwa mpaka kufikia kimo cha mtu. Moto ukawaka siku mbili. Ulipokufa, mawe yakabaki meupe, mepesi, makavu kabisa.

Jiwe la namna hiyo likiguswa na maji hufoka. Linachemka lenyewe, linapasuka, linatoa mvuke kama sufuria ya wali, na mwisho linakuwa unga. Mafundi wanasema wanaizima chokaa, na huizima kidogo kidogo, ndani ya shimo, wakiwa wamesimama mbali. Wanachokiogopa ni mvua kuwatangulia. Fundi wetu alikuwa ameangalia mawingu asubuhi ile na kuona kuna nafasi. Hakukuwa na nafasi. Mvua ilishuka ghafla kabla ya saa nne, na chokaa yote ya msikiti ilikuwa wazi.

Yaliyofuata sikuyaona, niliambiwa na wenzake. Alichukua makuti akapanda juu ya rundo ili alifunike. Wenzake wakampigia kelele ashuke. Alikuwa ametandika makuti mawili au matatu hivi rundo lilipotitia chini yake. Akazama mpaka mapajani ndani ya chokaa iliyokuwa inachemka, akajishika kwa mkono wa kushoto ili asiende chini zaidi, na ule mkono nao ukaungua mpaka kiwiko. Walimvuta kwa kamba ya kufungia magogo. Wakamfuta kwa kanga, wakampaka mafuta ya nazi, wakamzungushia kanga nyingine mbili, wakamweka kwenye kitanda cha kamba na kuanza kukimbia.

Mimi nilikuwa barazani nampima mama mmoja mimba yake. Niliona watu wanne wamebeba kitanda, wamelowa, weupe kwa chokaa mpaka nyusi, na nyuma yao mwanamke mtu mzima anakimbia bila viatu, mtandio umemwangukia mabegani. Dresa hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kivinje tangu juzi yake kuchukua dawa za mwezi, na Mto Matandu ukajaa nyuma yake, pantoni likafungwa kamba, naye akabaki ng'ambo.

"Yuko wapi bwana mganga?" waliniuliza.

"Mganga leo ni mimi. Mwingizeni."

Sikuyasema hayo kwa kujitutumua. Hapakuwa na mwingine, na kazi niliijua.

Yule fundi hakuwa analia. Alikuwa ameyafumba macho, midomo imekauka, anapumua haraka. Lindi nilijifunza kumwogopa zaidi mgonjwa anayenyamaza. Nilichukua mkasi nikazikata zile kanga. Chini yake mafuta na chokaa vilikuwa vimeshikana kuwa uji mzito wa kijivu, umeganda miguuni kama udongo wa ukutani. Niliugusa kwa kidole. Bado ulikuwa na joto. Nikajua kwamba wote tuliosimama pale tulikuwa tunamtazama mtu anayeendelea kuungua.

Mikunjo ya msuli aliojifunga, huku juu kiunoni, ilikuwa na vipande vikavu ambavyo mvua haikuvifikia. Hivyo niliviondoa kwanza kwa kitambaa kikavu, taratibu, nikavikung'uta kwenye sahani. Kisha nikasema, "Leteni maji. Ndoo zote, madebe yote, kila mwenye chombo akijaze kisimani alete hapa."

Hakuna aliyeondoka. Walinitazama kama niliyesema leteni kuni.

Mama yake ndiye aliyesema. "Maji? Binti, maji ndiyo yaliyomuunguza mwanangu! Mvua imemchemsha mbele ya macho yangu, na wewe unataka umwagie maji mengine?"

"Shikamoo mama," nilimwambia, maana katika vurugu ile nilikuwa sijamwamkia.

Alishangaa, lakini mdomo ulijibu wenyewe. "Marahaba."

"Mama, nitazame mimi. Sitakuchelewesha."

Nilichukua kipande kimoja katika vile vikavu nilivyovikung'uta, kidogo kama punje ya hindi, nikakidondoshea matone matatu ya maji. Kikafoka palepale, kikatoa mvuke, kikapasuka. Mama akarudi nyuma. Nikachukua cha pili, kikubwa kidogo, nikakitumbukiza ndani ya ndoo ya maji ya kunawia iliyokuwa pale mlangoni. Kikazama, kikatoa mapovu mawili. Nikaingiza mkono wangu ndani ya ile ndoo mpaka kiwiko, nikakitafuta kule chini, nikauweka mkono hapohapo.

"Maji kidogo yanaipa nguvu," nikamwambia. "Maji mengi yanaivunja nguvu na kuiondoa. Mwanao alipata maji kidogo. Mimi nataka mengi. Tia mkono wako."

Akautia. Akaushikilia ndani ya maji, akanitazama, kisha akageuka akawaambia wale wanaume kitu kwa Kimatumbi, kwa sauti ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Wakaondoka mbio. Habari zikafika kisimani kabla yao, na haukupita muda wanawake wa Somanga wakaanza kuja na madebe kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, wakiyatua barazani na kurudi bila kuuliza.

Tulimweka kwenye baraza, ambapo sakafu ilikuwa na mteremko. Kiwiliwili nilikifunika kwa mablanketi mawili ili asishikwe na baridi, miguu na mkono nikaviacha wazi. Mama alishika kata moja, mimi moja. Tulimimina. Yale mafuta ya nazi yalikuwa yanaifungia chokaa ndani, kwa hiyo ilibidi niyafute kwa pamba, kidogo kidogo, huku maji yanapita. Ngozi nyingine iliondoka pamoja nayo. Hapo ndipo fundi alipopiga kelele kwa mara ya kwanza, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kusikia sauti yake.

"Niache!" alisema. "Niacheni, mnaniua!"

"Tukana ukitaka," nilimjibu. "Sisi hatuachi."

Akatukana. Mama yake akamwambia, "Tukana, mwanangu, lakini usiguse mguu."

Adhana ya adhuhuri ikatoka msikitini, watu wakaenda kusali, wakarudi, sisi bado tunamimina. Watu walikuwa wananiuliza nitajuaje kwamba imetosha. Nilijua. Chokaa ikiwa ndani ya maji, yale maji huteleza vidoleni kama ya sabuni. Kila baada ya debe kadhaa nilikinga yale yanayochuruzika kutoka kwenye nyayo, nikayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Yanateleza. Tunaendelea. Yanateleza kidogo. Tunaendelea. Yalipokuwa maji matupu, yanayokwaruza kama maji ya kisima chochote, nikamimina madebe mengine mawili kwa usalama, nikaweka kata chini. Mikono yangu ilikuwa imechubuka na kukunjamana kama ya mfua nguo.

Sasa niliona nilicho nacho. Miguu yote miwili kutoka nyayo mpaka juu ya magoti, paja la kulia nusu yake, na mkono wa kushoto. Mahali pengi palikuwa pekundu pana malengelenge, panauma. Hapo sikuwa na wasiwasi napo sana. Lakini visiginoni na juu ya miguu palikuwa peupe kama nta, na nilipopagusa kwa ncha ya sindano hakusikia kitu. Hapo ngozi ilikuwa imekufa mpaka chini. Lilikuwa jeraha la kulazwa hospitali, na hospitali ilikuwa Kivinje, ng'ambo ya Matandu.

Sikuwa na muda wa kuliwaza hilo, kwa sababu mgonjwa alikuwa anatetemeka kwa maumivu, na maumivu nayo huua. Dawa ilikuwamo kabatini. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa dresa.

Nilikwenda jikoni kwangu nikachukua mchi wa kinu. Mmoja wa wale wanaume aliniona ninarudi nao akasema, "Dada, hiyo ni mali ya serikali."

"Na huyu pia ni mtu wa serikali," nilimwambia, "analipa kodi."

Kufuli liliachia kwa pigo la tatu. Nilichukua morfini, nikapima, nikapima tena, nikamchoma. Nikachukua penisilini nikamchoma sindano ya pili. Halafu nikakata karatasi katika daftari langu la wazazi nikaandika nilichochukua, kiasi gani, saa ngapi, kwa ajili ya nani, na kwamba kufuli nimelivunja mimi. Nikaitia sahihi na kuilaza ndani ya kabati mahali pa vichupa.

Mtu aliyeungua hivyo hukauka. Hilo watu wengi hawalijui. Wanaona kidonda tu, hawaoni kwamba maji ya mwili yanakimbilia kwenye lile jeraha na damu inabaki nzito. Siku ya kwanza wengi hufa kwa kukauka kabla kidonda hakijapata hata nafasi ya kuoza. Lindi walikuwa na chupa za kutundika na mipira. Somanga sikuwa na chupa. Nilikuwa na chumvi, na kopo la soda, ile inayotiwa kwenye maandazi. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikatia kijiko cha chumvi na nusu ya kijiko cha soda kwa kila chupa kubwa, nikayaonja. Yawe na chumvi kama machozi, yasizidi. Nikampa mama kikombe.

"Huyu asinywe maji mengine yoyote. Haya tu, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja, kisha anza tena. Usimhurumie akikataa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka akojoe, mama. Na akikojoa, niletee nione."

Nafikiri hakuwahi kusikia mwanamke mwenye umri wangu akiomba aletewe kitu kama hicho. Lakini mkojo ndio ulikuwa saa yangu. Ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, ujue amekauka. Ukitoka mwingi na mweupe, ujue damu inapita. Wa kwanza uliletwa karibu na magharibi, mchache, wa rangi ya kutisha. Niliongeza vikombe. Alfajiri ulikuja uliojaza nusu ya kopo, wa rangi ya majani makavu. Mama alilishika lile kopo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba asali.

Vidonda nilivifunika kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha bandeji, niliyoichemsha na vaselini. Ilipokwisha, nilichana shuka langu jeupe, nikachemsha vipande. Chini ya miguu nilitandika majani machanga ya mgomba, yaliyopitishwa kwenye maji yanayochemka na kupozwa, kwa sababu hayagandi kwenye kidonda kama kitambaa. Hilo halikuwa la Lindi. Nilikuwa nimewaona kina mama wa hukohuko wakiwafanyia watoto waliomwagikiwa na uji, nikaona halina kosa lolote.

Wenzake wawili walikwenda kwenye kambi ya watengeneza barabara kutafuta gari, wakaenda nalo mpaka mtoni. Walirudi wakasema maji yamepanda mpaka kwenye miti, na watu wa pantoni wamewapigia kelele kutoka ng'ambo kwamba labda siku tatu, labda nne. Nikamwita mwenye mashua ufukweni. Alitazama bahari, akatazama kitanda, akasema kwa heshima kwamba angempeleka maiti lakini hangempeleka mgonjwa, kwa mawimbi yale. Basi, tulibaki.

Siku ya pili miguu ilivimba mpaka nikahofia bandeji zitambana. Nilizilegeza, nikaiinua miguu juu ya mito ya sufi. Siku hiyo ndipo fundi alipopata akili ya kuzungumza.

"Nesi," alisema, "miguu ipo?"

"Ipo."

"Yote miwili?"

"Yote miwili. Kesho nikibadilisha bandeji utaiona mwenyewe."

"Sitaki kuiona."

"Basi utaniangalia mimi usoni. Ukiniona nimekunja uso, ndipo uogope."

Kesho yake nilipofungua, aliniangalia usoni muda wote, wala hakupepesa. Nilikuwa nimejiandaa. Pale pekundu palikuwa pasafi, panang'aa. Pale peupe palikuwa pameanza kuwa na rangi ya ngozi ya ngoma, kama nilivyotarajia. Nilinusa. Hakukuwa na harufu. Sikuhitaji kujilazimisha kutokunja uso.

Homa ilipanda siku ya tatu. Nilimkanda kwa maji ya uvuguvugu, nikaendelea na penisilini, nikamtaka mama aanze kumpa mayai na uji mzito wa maziwa. Alikuwa ameacha kuniita binti. Alikuwa ananiita mwanangu, na alikuwa amejua kuchanganya ile chumvi na soda kuliko mimi, anaionja kwa ncha ya ulimi na kuongeza kama mpishi. Mchana mmoja, mgonjwa amelala, aliniuliza kama nina watoto. Nikamwambia sina, mume aliniacha kwa sababu hiyohiyo. Hakunipa pole. Alisema, "Huyo hakuwa na akili," akaendelea kupepea nzi.

Asubuhi ya siku ya nne gari la kambi lilikuja kutuambia kwamba mto umepungua. Pantoni lilikuwa bado halijafunguliwa, lakini mitumbwi ilikuwa imeanza kuvuka. Nilimchoma morfini ya safari, tukamfunika kwa shuka safi na chandarua juu kwa ajili ya vumbi na nzi, tukaondoka. Mtoni walifunga mitumbwi miwili ubavu kwa ubavu, wakalaza kitanda juu yake. Mama alikaa kichwani, mimi miguuni, wapiga kasia wawili kila upande. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawia na yanakwenda kasi, yamebeba matawi. Niliushika mguu wa kitanda kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono wa pili, kwa sababu saa yake ya kunywa ilikuwa imefika. Alikunywa katikati ya Matandu.

Ng'ambo, kati ya watu waliosimama kungoja, alikuwapo dresa wangu. Alikuwa amekaa siku zote hizo hatua chache kutoka kwenye maji na sanduku lake la dawa, akingoja kurudi. Aliinua chandarua, akatazama, akamshika mgonjwa mapigo ya mkono, akahesabu mpaka akamaliza.

"Umempa nini?" aliniuliza.

Nikamweleza yote kwa mpangilio, saa na vipimo. Nilipofika kwenye morfini aliushika ule ufunguo kifuani mwake.

"Umeitoaje?"

"Nilivunja kufuli. Kwa mchi. Karatasi nimeiacha kabatini."

Alivuta masharubu. Nilikuwa tayari kwa lolote. Kama angenishtaki, ningesimama mbele ya yeyote na kuyarudia yaleyale.

"Kufuli lile lilikuwa bovu tangu zamani," alisema mwishoni. "Nimekuja na jipya." Na kweli alikuwa nalo sandukuni. Kufuli la zamani halikuwa bovu hata kidogo, lakini hilo ndilo aliloandika.

Hospitali ya Kivinje mganga alikuwa Mhindi mfupi, mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Alifungua bandeji zangu moja baada ya nyingine. Alimuuliza mgonjwa anakunywa nini, anakojoa mara ngapi. Mama ndiye aliyejibu, kwa vikombe na kwa rangi, na mganga akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akafika kwenye vidole vya mguu wa kushoto, akaniita.

"Umefunga vizuri," alisema. "Lakini hapa umevifunga vidole pamoja. Tazama."

Nilitazama. Vidole viwili vidogo vya mwisho, ambavyo nilivizungushia gozi moja, vilikuwa vimeanza kushikana. Ilikuwa ni lazima niweke kitambaa kati ya kila kidole, na Lindi nilifundishwa hivyo. Katika ule uchovu wa jioni ya kwanza nilisahau, na kila nilipobadilisha nilifuata nilivyofunga mwanzo. Vile vidole viwili havikupona. Mganga alivikata wiki iliyofuata. Sikutafuta kisingizio, wala yeye hakurudia kunisema. Tangu siku ile, katika miaka yote niliyofanya kazi, sijafunga mguu wala mkono wa mtu bila kuanza na vidole, kimoja kimoja.

Fundi alilazwa karibu miezi mitatu. Ngozi iliyokufa ilipoondolewa, mganga alichukua vipande vidogo vya ngozi nzima kutoka kwenye paja la kushoto, vidogo kama punje za mtama, akavipanda juu ya kidonda kwa safu, na vikaota na kukutana. Mama yake alikuwa anapika kwenye kibanda nyuma ya wodi na kuwalisha na wagonjwa wengine wasio na ndugu. Mimi nilikuwa nimerudi kazini Somanga, lakini kila nilipokwenda kwetu nilipita kuwaona. Mara ya mwisho nilimkuta fundi amesimama kwa magongo, anatukana kwa nguvu kuliko siku ile ya baraza, kwa sababu kisigino kilikuwa kimekakamaa na mganga alimlazimisha akikanyagie.

"Huyu ni ndugu yako," aliniambia, akimwonyesha mganga kwa kidevu. "Naye haachi."

Msikiti wa Somanga ulimalizwa kwa chokaa ya mtu mwingine. Ilikuwa na kokoto, na watu walinung'unika, wakapaka hivyohivyo.

Fundi wetu mwenyewe alirudi kwenye kazi yake mwaka uliofuata. Hakupanda tena tanuri. Alikaa chini kwenye kigoda, gongo mkononi, akiwaelekeza vijana aliowafundisha. Na alikuwa na sharti moja ambalo wateja walilicheka mwanzoni: hawashi moto mpaka apangiwe madebe kumi ya maji, yamejaa, mahali anapoweza kuyaona. Wapo waliodhani ni uganga. Nilipokuwa na safari ya Kinjumbi kwa kina mama wajawazito nilipita kwake, mama yake akanitandikia mkeka, akanichinjia kuku, akanikatalia kabisa nisiondoke kabla sijala. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimpima palepale chumbani, mtoto amekaa vizuri, kichwa chini. Nikamwambia aje dispensari siku zikikaribia, asisubiri uchungu umkamate njiani. Akasema atakuja, na akaja.

Dresa alistaafu kabla yangu. Asubuhi aliyoondoka alivua ile kamba ya ufunguo shingoni akanivisha mimi, akaniambia penisilini inakaribia kwisha na niandike mapema barua ya kuomba nyingine. Nikaingia ndani kuiandika upesi, maana nje kulikuwa na foleni.